Samaki wa Pipa la Mama

Juzi msichana wa afya alikuja hapa kwangu Munyaka, nyumba niliyojenga kwa jasho langu, kutufundisha habari ya homa ya dengue. Akainamisha tairi kuukuu, maji yakamwagika na vidudu vikijikunja. “Mzee, maji ukimwaga, mbu hana pa kuzaa,” akasema polepole. Nikaangalia kando.

Kule Kaptagat, nilipokuwa mtoto, mama alikuwa na pipa la maji ya mvua, safi, ya chai ya wageni peke yake. Lilinuka kutu. Ndani nilikuwa na samaki wangu wadogo. Bwana afya alipopita, nikamvuta mkono: “Kuja uone samaki yetu!”

Akachota na glasi, akainua juu watu wote waone. “Mama, hawa ni mbu. Unafuga mbu!”

Majirani wakaangua kicheko. “Mama Wafula, kilo unauza pesa ngapi?”

Nami nikacheka. Nilidhani wanataka kununua.

Mama alipindua pipa lote peke yake, akitugeuzia mgongo. Hakunigombeza. Jioni alinipa chai ya maji ya mto, na hakuniangalia. Mchanga wa chai ile bado nausikia kwa meno.