Komisyonere wa Ukoo

Mume wangu alipofariki, wakati Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, aliniachia nyumba ya matofali katika mtaa uitwao Kenya, vyumba viwili na baraza. Ukoo wake ukaniachia komisyonere, yaani dalali, wa kuiuza. Hakuwa mwingine ila shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Sikumchagua mimi. Walimpanga wao, wamekaa kwenye viti vyangu, wakinywa munkoyo niliopika kwa mikono yangu.

Nilitaka kuuza haraka kwa sababu moja. Kwa desturi yao mjane huvaa nguo nyeusi mpaka watu wa mume, wakiongozwa na mashangazi, waje kumwosha kwa maji ya dawa na kumvua, na siku hiyohiyo humchagulia mrithi miongoni mwa ndugu wa marehemu. Mrithi huingia nyumbani, na chumbani vilevile. Ningeuza mapema, ningenunua chumba karibu na dada yangu, niweke cherehani, na huyo mrithi akose pa kuingilia.

Wanunuzi walikuja, hakurudi hata mmoja. Kila walipofika, shemeji aliniweka mlangoni na nguo zangu nyeusi.

“Mulamu, ikala pale,” aliniambia, akiniita shemeji kwa lugha yao. “Bakikuona, batakuwa na huruma.”

Huruma gani? Mtaa mzima ulijua kwamba kilio kisipomalizwa, marehemu bado yumo ndani. Nani anunue nyumba yenye mwenyewe? Mwanzoni nilidhani ni ujinga wake tu. Kisha dada yangu akasikia kwamba mrithi amekwisha kupangwa, naye ni huyo shemeji. Damu ilinichemka.

Hata hivyo dada alinisihi nivumilie. Kumfukuza komisyonere wa ukoo ni kuufukuza ukoo, alisema, na siku nikifa nani atanizika? Niliogopa kweli.

Mwishowe hasira ikaishinda hofu. Nikaenda sokoni kwa fundi wa viatu aliyekuwa komisyonere pia, mtu asiye na undugu na yeyote kati yetu. Alinitazama juu mpaka chini.

“Mama, nyumba nitauzisha. Lakini na ile nguo, hapana. Batakutosha kilio, bakuvule, siku gani?”

“Leo.”

“Banani?”

“Miye.”

Nilivua mwenyewe, bila maji ya dawa wala mashangazi wa mtu. Nikavaa kitenge cha manjano, nikakaa barazani mchana kweupe. Shemeji alipopita, alisimama.

“Mulamu, nani alikutosha kilio?”

“Ule mwenye alilia,” nilimjibu. “Na kazi ya nyumba, nilisha kupatia muntu ingine.”

Mfanyakazi wa reli na mkewe waliinunua kabla mvua hazijaanza, nami nikanunua chumba karibu na dada. Ukoo haukunialika tena, si arusini si kilioni, na ulitangaza kwamba nitakufa peke yangu. Huenda. Lakini tangu hapo mlango ninaoufunga ni wangu, na anayebisha hodi husubiri nimjibu.