Arusi Niliyoitangaza Penye Matanga

Mimi ni mtu wa kupunguza bei, lakini safari hii nilipunguza kazi. Katika ukumbi wetu wa video, hapa Kisangani, ninasimulia katuni za Kijapani kwa Kiswahili kwenye mikrofoni. Kijapani sijui. Ninafuata maandishi ya Kifaransa ambayo wapenzi wa katuni hizo huyaweka chini ya picha.

Jumamosi jirani yangu, Papa Faustin, alimleta mke wake, Mama Zawadi. Tangu wamzike binti yao, mama huyo hakuwa ametoka nyumbani.

“Hakuna kifo ndani ya katuni ya leo?” Papa akaniuliza.

“Hakuna, Papa. Naapa.”

Nilikuwa nimeitazama nusu tu, kuokoa mafuta ya jenereta.

Nusu ilipokwisha, maandishi nayo yakakoma. Waliotafsiri walichoka kama mimi. Sikunyamaza. Watu wenye nguo nyeusi wakaingia nyumbani kwa msichana wa hadithi, wakainama.

“Bon, leo iko arusi! Muone wageni na makoti!”

Ukumbi ukacheka. Kwa mdomo tu, nikawahesabu wageni mara mbili, nikawagawia na bia. Ikatokea picha ya msichana ndani ya fremu, maua pembeni, moshi mwembamba wa ubani mbele yake.

“Na bibi-arusi huyu hapa!”

Kicheko kikakatika. Kwetu kila mtu anajua picha ya namna hiyo huwekwa wapi. Mama Zawadi akashuka kwenye benchi, akaketi chini sakafuni, kama wanawake wanavyoketi msibani.

“Mutoto yangu,” akaniambia polepole, “ile iko matanga. Utuache tulie.”

Mikrofoni ilikuwa bado wazi. Nikaizima, nikaacha picha ziendelee zenyewe.