Siku Simu ya Mjukuu Wangu Iliponyamaza

Mjukuu wangu kazi yake ni kuchunga mitambo ya kompyuta iliyo mbali, ile inayopitisha maombi ya damu kutoka hospitali hadi benki ya damu. Mtambo ukisuasua, simu yake hulia. Hulia kutwa, hata kwa mambo ya upuuzi.

Adhuhuri ile alikuwa mezani kwangu akirekebisha kitu kwenye mitambo hiyo, akazima milio kama wafanyavyo wakati wa matengenezo. Akamaliza, tukala, tukacheka. Mimi ndiye niliyeshtuka.

“We mke mwenzangu, mbona simu yako kimya?”

“Bibi, si kila siku unasema inakutoboa masikio?”

“Nimesema inaniudhi. Sijasema ife.”

Akafungua kompyuta, uso ukamshuka. Alisahau kurudisha milio! Maombi yalikuwa yamekwama dakika ishirini, na moja lilikuwa la mzazi aliyekuwa akivuja damu.

Hakugusa mtambo kwanza. Alimpigia mtu wa benki ya damu: “Kaka, usingoje kompyuta. Andika kwa mkono, chupa mbili, dereva aondoke sasa hivi!” Ndipo akaanza kutengeneza mtambo. Mimi nimeshikilia kiti, naomba Mungu kimoyomoyo.

Baada ya nusu saa nesi wa hospitali ile akapiga. “Damu imefika. Mama anaendelea vizuri.” Akakata.

Mjukuu wangu alifuta machozi, akaanza kumwandikia mkubwa wake wa kazi ujumbe: “Nilisahau kurudisha milio. Kosa ni langu.” Nikamwambia apoe kwanza.

“Bibi, nikipoa nitatafuta visingizio,” akasema, akautuma.