Kifo na Seremala katika Wodi ya Bwera

Siku yangu ya kwanza kazini Kasese, magharibi mwa Uganda, miaka ya sitini, Afisa Habari alinikabidhi kipaza sauti kabla hata sijakaa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nabishana na kila kitu, Mungu akiwemo.

"Kijana, wewe ni mtafsiri. Watu wa kwenye picha hawakukuuliza maoni yako."

Tulizunguka na gari la sinema, tukionyesha tamthilia za televisheni kwa watu wasio na televisheni. Fundi aliendesha projekta, mashine ya kurusha picha kwenye shuka jeupe; mimi nilisimama kando nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

Mkanda ulioombwa kuliko yote ulihusu seremala aliyefuatwa na Kifo, bwana mpole mwenye kofia. Seremala aliomba muda amalize kitanda cha binti yake, kisha kila siku akawa anang'oa misumari aliyopigilia jana. Mwishowe Kifo akavua koti, akashika nyundo, akakimaliza mwenyewe. Niliuona upuuzi. Kifo gani hukubali kungoja?

Alasiri moja tuliuonyesha katika wodi ya Bwera, madirisha yamefunikwa blanketi. Mbele alilala Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, amekonda sana. Binti yake alikuwa ameninong'oneza mlangoni kwamba daktari amekata tamaa, ila mama asiambiwe. Basi Kifo aliposema, "Kimekwisha. Twende," nikatafsiri: "Kimekwisha. Pumzika, nitarudi mwaka mwingine."

Wodi ikapiga makofi. Lakini kwenye shuka, seremala alikuwa anatoka naye.

"Mutoto, unadanganya!" Mama Kavira alicheka mpaka akakohoa. "Miye niko mugonjwa, hapana kipofu. Ule mutu anaenda wapi?"

Nilimtazama binti. Aliinamisha kichwa.

"Kifo amemwambia waende, mama."

"Aksanti." Akamgeukia binti. "Na miye? Munganga alisema nini?"

Binti akalia.

"Usilie. Munipeleke Butembo. Mama yangu iko muzima kule, nataka nimuage."

Afisa Habari alinikaripia kwa kubadili maneno, kisha akatoa gari. Tulimlaza kati ya masanduku ya mikanda hadi mpakani, ambako ndugu zake walimngoja. Njiani aliniuliza kama ninaamini.

"Siamini kitu, mama."

"Haizuru. Shika mukono tu."

Baadaye binti alipita ofisini kutuambia: Mama Kavira alifika, akaishi siku tatu ubavuni mwa mama yake.

Leo nimestaafu, na bado sijui Kifo ni nani. Ila naukumbuka mkono ule: mwepesi, wenye joto, ukinishika kwa nguvu kuliko nilivyoushika mimi.