Siku Mwenyekiti Alipoipaka Dramu Mafuta

Wanaojua mambo ya kuandika wameniambia nisitaje majina ya watu. Sawa. Nitataja vyeo. Mtu akijitambua humu ndani, hilo si kosa langu, ni la matendo yake.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa kwaya ya kanisa letu hapa Eldoret. Kabla hajawa mwenyekiti alikuwa mwimbaji wa besi tu, na msimu mmoja wa mavuno kikundi chetu cha kanisa kilienda Kapseret kumsaidia mzee mmoja kupakia mahindi. Trela lilikuwa limesimama kwenye mteremko, limewekewa jiwe nyuma ya gurudumu. Chai ikaletwa. Mwenyekiti akapewa kikombe chake, akatafuta mahali pa kukaa. Kulikuwa na magunia. Kulikuwa na nyasi nzuri. Kulikuwa na mkebe wa maziwa umepinduliwa, kiti kamili. Yeye akaona lile jiwe. Akalitoa, akalisukuma hadi kivulini, akakaa, akapuliza chai. Trela likarudi nyuma polepole, bila haraka yoyote, likapanda juu ya mguu wangu wa kulia.

Nilipona. Watu hupenda kunikumbusha hivyo, kwamba nilipona, kana kwamba mimi sikuwepo. Nilipona nikiwa na kifundo cha mguu kisichokunjika, na hapo kazi yangu kanisani ikaisha. Nilikuwa mpiga dramu. Dramu za kanisa zinataka miguu miwili, mmoja kwa dramu kubwa ya chini na mmoja kwa sahani zile za kushoto. Mtu wa mguu mmoja na nusu hupiga wimbo mmoja na nusu.

Wa pili ni mpiga kinanda. Jumapili ya kwanza niliyorudi na mkongojo, nilisikia dramu zikipigwa na hakuna mtu aliyekaa hapo. Alikuwa amebonyeza kitufe. Kinanda chake kinapiga dramu chenyewe, hakichoki, hakiombi maji, na hakijui wimbo umeisha. Mara nyingi mchungaji alianza kuomba na kinanda bado kinacheza rumba. Kwa miaka minne nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, nikipiga mapaja yangu kwa vidole. Dramu zenyewe zikafunikwa shuka.

Halafu akaja mwalimu. Huyu hana kosa. Ni mama anayefundisha muziki upande wa Kesses, na alikubali kuandaa tamasha la kwaya yetu pamoja na okestra: fidla, tarumbeta, na wanafunzi wake wamevaa mashati meupe. Siku ya kwanza ya mazoezi aliuliza nani atapiga dramu ndogo, ile ya nyaya chini tunayoiita snea. Alisema anataka mtu mmoja tu, amesimama, kwa mikono miwili. Miguu haina kazi.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka tu nilikuwa mbele.

Mpiga kinanda akasema hakuna haja ya kusumbua mgonjwa, kinanda chake kina snea, namba mia moja na kumi na saba. Akaibonyeza. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema hiyo inafaa arusi. Kisha akagonga snea ya kanisa mara moja. Ililia kama mvua ya mawe kwenye mabati. Akaniambia hii nayo haifai, imetengenezwa kushindana na gita. Yeye anataka kila pigo lisikike kavu na peke yake, na zaidi ya hayo anataka mapigo madogo ya mfululizo yanayoanza pasipo na sauti kabisa, kama mtu anayemwaga ulezi kwenye ungo.

"Unaweza kuibadilisha, Mzee?"

Nikasema naweza. Nilikuwa sijui inabadilishwaje.

"Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," akasema. "Ikishindikana, itabidi tuchukue ile mia moja na kumi na saba."

Basi niliibeba hadi kwangu Munyaka. Nikaivua. Chini ya ngozi ya juu, ambayo ni ya plastiki, nilikuta karatasi ya chooni, utepe wa gundi tabaka sita, na leso ya mtu. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakiituliza miaka yote. Zile nyaya za chini zilikuwa ishirini, zimejipinda kama springi ya kalamu, na nikaelewa kwamba kelele ilikuwa inatoka hapo hasa. Nyaya za namna hiyo zikiguswa huendelea kucheka baada ya wewe kunyamaza. Nilitaka nyaya zilizonyooka.

Fundi wa pikipiki kwenye kona yetu alinipa nyaya kuukuu za klachi. Akaniuliza pikipiki yangu ni ya aina gani. Nikamwambia ni dramu. Akanitazama mguu, akanitazama uso, akaniongezea nyaya mbili bila kuuliza tena. Nilizikata, nikazipanga kumi na mbili, nikazibana ncha kwa vipande vya bati, nikazifunga chini. Siku ya kwanza hazikutoa sauti yoyote kwa sababu sikuwa nimeziosha grisi. Siku ya pili ziliongea. Zilisema neno moja na kunyamaza.

Ngozi ya juu nikaona niweke ya mbuzi. Plastiki ina sauti ya ndoo. Nilipata ngozi buchani, nikainyoa, nikaikwangua mpaka ikawa nyembamba, nikailoweka, nikaizungushia kwenye pete yake. Taabu ilikuwa kuikausha. Eldoret yetu majira hayo ni mvua kila alasiri, kwa hiyo mke wangu akakubali itundikwe jikoni mbali kidogo na jiko. Kwa siku tatu nyumba ilinuka sherehe. Majirani walipita kusalimia saa za chakula, wakakaa, wakaangalia mlango wa jikoni, wakaletewa sukuma wiki.

"Wanaondoka wakisema sisi ni wachoyo," mke wangu akaniambia. "Hiyo ngoma yako ikikosa kulia, nitaipika."

Stendi nayo ilikuwa fupi, ya mtu aliyekaa. Nikaiongezea kipande cha bomba la maji kwa fundi wa kuchomelea, ikafika kiunoni. Nilisimama nimeegemea stuli ndefu. Karatasi ya muziki sikuweza kuisoma, niliachia shule darasa la sita na hata hilo la sita sikulimaliza, kwa hiyo mwalimu aliniimbia sehemu yangu yote kwenye simu nami nikaishika kichwani. Mazoezi nilifanya uani. Kipimo changu kilikuwa kuku wa jirani. Nikianza mapigo na yeye akainua kichwa, nimekosea. Siku ya Alhamisi nilipiga kutoka kimya mpaka sauti kamili na kuku akaendelea kula mpaka karibu na mwisho.

Ijumaa mwalimu alienda kusimama kando ya tangi la maji nje ya kanisa, akasema atainua mkono akianza kunisikia. Nilianza. Mkono haukuinuka. Nikaendelea. Ulipoinuka, uliinuka taratibu kama mapigo yangu. Aliporudi ndani alimwambia mpiga kinanda apumzike.

Sasa, kanisani kwetu hakiingii kitu kipya kutumika bila kuombewa na kupakwa mafuta. Viti vilipakwa. Spika zilipakwa. Lile tangi lilipakwa, na fundi bomba naye akapakwa kwa vile alikuwa karibu. Mimi nilikuwa nimesahau. Jumapili ya tamasha, baada ya ibada ya asubuhi, nilikuta kundi limeizunguka dramu yangu. Mchungaji alikuwa ameitwa kwenye msiba, kwa hiyo chupa ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti wa kwaya.

Nikamwomba apake tone moja tu, kwenye chuma. Nikamweleza kwamba hii ni ngozi, si plastiki. Akanishika bega. Macho yake yalikuwa mekundu, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ndugu yangu," akasema, "siku ile ya trela nilikuombea haraka haraka. Leo sitakuwa bahili."

Akamimina chupa nzima. Katikati. Akasugua kwa kiganja, kwa mzunguko, huku akiomba, na watu wakisema amina. Ngozi ikanywa. Ningesema nini? Mtu atamzuiaje mwenzake anayelia katika maombi? Nilifumba macho kama wengine na nikasema amina ya mwisho, ya uchungu kuliko zote.

Nilipoigonga, ilitoa sauti ya kofi kwenye unga wa chapati. Zilikuwa zimebaki saa tatu. Mpiga kinanda, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuchomeka waya wake.

Mke wangu ndiye aliyeniokoa. Alikuwa kwenye jiko la kanisa na akina mama wengine wakipika chakula cha wageni. Akaja na unga wa mahindi, akaumwaga juu ya ngozi, akausugua, akaukung'uta ukiwa umelowa mafuta, akamwaga mwingine. Mara ya tatu, mara ya nne. Tukaipeleka karibu na moto, tukairudisha, tukakaza skrubu. Sauti ikaanza kurudi. Lakini kila tulipoifuta safi, mafuta yaling'aa tena, kwa hiyo tulikubaliana unga wa mwisho ubaki. Nikasema sitapiga kwa nguvu.

Nilikuwa nimesahau pigo la mwisho.

Kanisa lilijaa. Mimi niliwekwa mbele ya safu ya besi, na hatua moja nyuma yangu alisimama mwenyekiti. Mfululizo wangu wa kimya ulienda vizuri kuliko uani. Nilimwona mwalimu akifumba macho. Ila sakafu ya kanisa ni vigae, na bomba langu la maji halikuwa na mpira chini. Stendi ikaanza kutembea. Kila pigo ilisogea kidole kimoja mbali nami, na mimi na kifundo changu hatuwezi kukifuata kitu. Nilinyoosha mikono mpaka mwisho. Mapigo mawili zaidi na ningekuwa napiga hewa.

Ikasimama. Nikatazama chini. Kiatu cha mwenyekiti, cheusi, kipya, kilikuwa mbele ya bomba. Alikuwa amepanga mwili wake vibaya sana ili kukifikisha hapo, amepinda kama mtu anayetafuta swichi gizani, na bado anaimba besi.

Mwalimu akainua mikono yote miwili. Nikapiga lile pigo la mwisho kwa nguvu zote, kwa sababu ndivyo nilivyoimbiwa.

Unga ukapaa. Wingu zima. Wenye tarumbeta walikohoa. Mama mmoja safu ya tatu akainua mikono akasema utukufu, na nusu ya kanisa ikamfuata. Mwenyekiti, kwa vile alikuwa ameinamia dramu, alikuwa mweupe kuanzia paji la uso hadi tai. Hakufuta. Alisubiri makofi yaishe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutoa mguu sasa.

"Ngoja," nikamwambia.

Akangoja. Nilimwacha hapo mpaka nilipomaliza kuweka vijiti mfukoni, kushika stuli na kukaa.

Sijamsamehe, na aliyesoma mpaka hapa asiende kumwambia vingine. Lakini mwalimu amesema tamasha jingine lipo, na dramu imebaki kwangu Munyaka. Nimekata mpira wa tairi nikauvisha kwenye bomba. Chupa ya mafuta haitafika karibu nayo. Hata hivyo, mwenyekiti nimemwomba asimame palepale.