Godoro la Pamba Fifi

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili kwenye shule ya bweni nje kidogo ya Bariadi, na kwa karibu wiki mbili niliitwa mchafu. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Bweni letu la wasichana lilikuwa limejaa kunguni, na aliyeumwa kuliko wote alikuwa mimi, Anyesi, wa kitanda cha kwanza karibu na mlango.

Mkuu wa shule, Mwalimu Shigela, alikuja na dawa yake. Alibeba bomba la kupulizia pamba na chupa mbili za soda zenye maji ya rangi ya maziwa, zawadi ya mfanyabiashara mmoja wa pamba. Miaka ile ushirika wa wakulima ulikuwa hoi, wanunuzi binafsi walijaa kila njia panda, na dawa iliuzwa ndani ya chupa yoyote, haina hata karatasi ya jina.

"Tupulize Jumamosi, Mama Masunga," alimwambia matroni wetu, Maximiliana. "Watoto walale raha."

"Raha gani, Mwalimu? Sisi tukipuliza hii shambani hatuingii siku kadhaa. Hata mbuzi tunamfunga mbali. Leo unataka watoto walaze vichwa humo humo?"

"Una njia nyingine?"

"Nipe Jumamosi tatu. Ya tatu ukikuta hata mmoja, puliza, na mimi nifunge mzigo nirudi kwetu Bukundi."

Alisema hivyo na mtoto wake anasomeshwa kwa mshahara ule ule. Tulimwona kichaa.

Maximiliana hakujua kukaa mchana. Alikula amesimama, na tulijua alipo kwa mlio wa funguo zake. Wiki zile alizidi. Kila Jumamosi tulitoa vitanda vyote nje, tukavifungua mbao kwa mbao, naye akamwaga maji yanayochemka kwenye kila kiungo, masufuria na masufuria kutoka jikoni, mpaka mpishi akagoma kumpa kuni na tukaenda kuokota wenyewe. Nyufa tulizisugulia sabuni ya mche mpaka zikaziba. Magodoro yetu ya sponji yalimwagiwa maji hayo hayo, na blanketi zikaanikwa juani kutwa. Mwisho tulisogeza vitanda mbali na ukuta na kila mguu ukasimamishwa ndani ya kopo la maji. Kunguni hajui kuogelea, alituambia, na alirudi kuyachungulia makopo yale mara kumi kwa siku.

Wenzangu wakapona. Mimi nikaendelea kujikuna.

"Anyesi haogi," walisema, na Elina, rafiki yangu, akahamishia tranka lake upande wa pili. Niliota kumpiga. Nilioga mara tatu kwa siku na bado niliamka na madoa mekundu shingoni.

Ijumaa jioni, kesho yake Mwalimu anakagua, matroni alikuja kuita majina. Alikaa kwenye kitanda changu kama siku zote, maana ndicho kilicho karibu na mlango na taa. Alipomaliza akainuka, na kwenye pindo la kanga yake nikamwona kunguni, mnene, anatembea taratibu kama yuko kwao.

"Matroni, subiri."

Nilimchukua nikamwonyesha kiganjani, nimewageuzia wenzangu mgongo. Alimtazama, akanishika mkono, akanivuta mpaka chumbani kwake mwisho wa bweni.

Kitanda chake kilikuwa cha chuma, lakini juu yake palikuwa na godoro la kushona kwa mkono. Aliligeuza. Mishono ilikuwa myeusi kwa kunguni.

"Hili sikulimwagia maji," alisema. "Pamba ikilowa hivyo imekwisha, mayo. Nilijidanganya kwamba kwangu hawapo."

Ndipo akanieleza. Kuna mwaka ushirika uliwanunulia pamba safi tu, ile fifi, ya daraja la chini, ikabaki nyumbani. Mumewe, Jilala, alikaa mwezi mzima akiichambua mbegu kwa vidole, akashona godoro. Msimu uliofuata akafa.

Alizunguka chumba, akatoka, akarudi, akashika funguo, akaziacha.

"Mwalimu haji kukagua humu," alisema, kama anayemwomba mtu. "Atakagua vitanda vyenu tu."

Nilijikuna shingo, wala si kwa kusudi. Aliniona, akainamisha uso.

Asubuhi tulimkuta kwenye shimo la takataka, godoro linaungua. Pamba haina haraka ya kuungua. Ilifuka, ikazima, akaichokoa kwa fimbo, ikafuka tena. Mwalimu Shigela alifika na bomba lake mgongoni.

"Mwangaluka, Mama Masunga. Unachoma nini?"

"Kunguni walikuwa kwangu, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekuwa ninawabeba kila jioni mpaka kitanda cha huyu." Aligeukia wasichana wote. "Anyesi si mchafu. Kunguni hatafuti uchafu, anatafuta damu. Atakayemsema tena aje kwangu."

Nililia palepale, bila aibu.

Mwalimu aliingia bwenini, akachungulia viungo, akachokoa nyufa kwa kijiti, akainama mpaka kwenye makopo. Tulisimama roho mkononi. Alitoka mikono mitupu.

"Humu hakuna," alisema. "Na wa matroni hawakuwemo kwenye mapatano." Chupa zile akazirudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Mchana nilitumwa kumpelekea godoro jipya la sponji kutoka stoo. Sikupata hata asante. Alilipokea, akalilaza kitandani, akakagua mshono mmoja baada ya mwingine, pande zote nne, kwa kucha. Kisha akaliinamia, akalinusa. Lilikuwa linanuka duka tu. Maximiliana akakaa chini, mara ya kwanza ninamwona amekaa mchana, akalia.