Mama Alipoanza Kuezua Nyumba Yake

Simu ilinikuta nyumbani Ilomba, Mbeya, asubuhi, nimeinamia cherehani. Aliyepiga alikuwa mwanamke anayeuza nyanya pamoja na mama yangu kando ya barabara kuu, kule Ilula. Hata hakunisalimia.

"Dada, njoo. Mama yuko juu ya paa anang'oa mabati."

"Mabati ya nani?"

"Ya kwake. Anashuka, anakunywa uji, anapanda tena. Vijana wakimsogelea anawatishia nyundo."

Mama alikuwa ameshavuka miaka sitini, na magoti yalimsumbua hata kwenye ngazi za kanisani. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba ataanguka, na kwamba akili yake imeshaondoka kabla mimi sijafika.

Binti yangu alikuwa nyumbani, amemaliza chuo na kazi hajapata. Tukapanda basi pamoja. Njiani yule mwuza nyanya alinieleza kwa simu chanzo chake. Watu wa barabara walikuwa wamepita na kopo la rangi nyekundu, wakaweka alama ya X, ya kubomolewa, kwenye majengo yaliyo karibu na lami. Kwa mama wameweka. Gesti ya yule tajiri wa pale kona, ambayo iko karibu zaidi na lami, imebaki nyeupe.

"Ndiyo maana wazee wanahangaika," binti yangu akasema. "Hawajui haki zao. Siku hizi kuna sheria, Mama. Kuna tathmini, kuna fidia. Bibi angesubiri tu, labda angepata nyumba nzuri zaidi."

"Na gesti?"

"Hiyo tutauliza."

Aliongea kama mtu ambaye akiuliza hujibiwa. Mimi nimelelewa na watu waliokuwa wakiona gari la serikali wanashusha sauti, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Tulipofika Chimala simu ikalia tena. Upande mmoja wa paa ulikuwa umeshaisha, na upepo umeanza.

Tulifika Ilula jua likiwa limeanza kulala. Mama alikuwa amesimama kwenye mbao za kenchi zilizokuwa zikibeba mabati, khanga kaifunga kiunoni, miguu peku, chini yake ni chumba chake cha kulala kimebaki wazi. Bajaji yetu ilipokata kona kuingia uani, alinyoosha mgongo akapiga kelele.

"Msinisogelee! Natoa mwenyewe! Nimesema natoa mwenyewe!"

Hakututambua. Bati alilokuwa ameshika lilimponyoka, likateleza, likatua kwa kishindo hatua chache kutoka alipokuwa binti yangu. Nilimwona akiyumba, akashika mbao, akasimama tena.

Binti yangu alivua viatu. Nikamshika mkono, akautoa taratibu, akaanza kupanda ngazi. Yeye aliyekuwa akihubiri sheria tangu Mbeya, safari hii hakutaja sheria. Alipofika juu akakaa kwenye ukuta, akasema, "Bibi, shikamoo. Ni mimi mjukuu wako. Tutoe lipi sasa?"

Mama akamwonyesha bati kwa nyundo. Wakalitoa wote wawili, mmoja anang'oa misumari, mwingine ameshikilia. Walipolishusha, binti yangu akasema amechoka, ana njaa. Mama akasema, "Basi tushuke, mjukuu wangu, ule."

Tuliketi jikoni, kibanda ambacho paa lake alikuwa hajaligusa. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ambayo mama hakuwahi kunisimulia katika maisha yangu yote. Alikuwa mtoto, anaanza kubeba wadogo zake mgongoni, watu walipoamriwa kuhamia kwenye vijiji vipya. Babu, baba yake, akaomba avune kwanza. Mgambo wakaja asubuhi na lori, wakatoa watu, wakatia moto nyumba na kihenge chake cha mahindi.

"Mahindi yalikuwa yanapasuka ndani kama bisi," mama akasema. "Wadogo zangu walikuwa wanacheka. Baba hakubeba hata mlango."

"Lakini Bibi, siku hizi kuna sheria."

"Hata wale walikuwa nayo. Walikuja nayo kwenye lori." Akanywa chai. "Sikatai, kule ndiko nilikosoma, na maji ya bomba niliyaona kule. Ila tungebomoa wenyewe, mlango ungekuwa wetu."

Mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa uani, kwa sababu niliona kwamba mama hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo.

Kesho yake tulikwenda kwa mtendaji wa kata, na binti yangu akauliza kila kitu. Ilibainika kwamba alama ilikuwa ya kibanda chake cha nyanya kilicho mbele, si ya nyumba. Kuhusu gesti, mtendaji alisema hilo liko ngazi za juu, akaanza kutafuta kalamu yake. Tulimpelekea mama habari kwamba nyumba haimo kwenye orodha ya kubomolewa.

"Leo haimo," akasema.

Mvua ilinyesha siku hiyohiyo, godoro na magunia ya maharage yakalowa. Ilichukua siku kadhaa kumshawishi akubali paa lirudishwe. Vijana walipopanda, mama alisimama chini akitoa maagizo, na agizo lake kubwa lilikuwa misumari isipigiliwe mpaka mwisho. Iachwe imejitokeza kidogo, ili iweze kung'oka upesi. Fundi alimwambia upepo utakuja kuyabeba mabati. Mama akasema upepo anaujua.

Paa liko hivyo mpaka leo. Kila nikisikia upepo Ilomba nampigia, nikihesabu milio ya simu mpaka apokee.